KABLA HUJAKOPA KUONGEZA MZIGO, PANGA KWANZA NAMBA ZAKO KWENYE MATRIKSI

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo chukua daftari na kalamu kabisa. Kama uko bize na oda, lihifadhi usome jioni ukitulia.

Leo tunaongelea matriksi. Usikimbie! Wengi wetu tuliosoma kwa mtaala wa zamani tulikutana nalo hilo neno kidato cha nne kwenye Hisabati, tukakariri kwa ajili ya mtihani, tukamaliza shule, tukasahau. Kumbe ile ndo hesabu ya mtu mwenye bidhaa kadhaa na mzigo sehemu mbili. Huhitaji kuwa umesoma Kibaha Sekondari wala Minaki ili uielewe. Ukijua kujumlisha, kutoa na kuzidisha, umeshafika.

Somo hili ni kwa ajili yako wewe unayeuza kwa status, Instagram au TikTok, na mzigo wako haujakaa sehemu moja. Mimi natumia mfano wa Kibaha na Kisarawe kwa sababu ndo ninakouza. Zote ziko Mkoa wa Pwani, lakini Kibaha iko Barabara ya Morogoro na Kisarawe iko upande wa Pugu. Wengi tukitoka huku kwenda kule kwa daladala tunajikuta tumepitia Dar kwanza. Kwa hiyo huwezi kila saa kusema "ngoja nikachukue dera moja kule nije nimpe mteja huku". Ukigawa mzigo vibaya, umegawa vibaya mpaka safari nyingine.

Hapo ndo pesa zinapopotelea. Huku wateja wanaulizia khanga huna, kule khanga zimejaa zinakula vumbi. Na wewe hapo katikati unaona mzigo umeisha, unaenda kukopa kausha damu ili uongeze mzigo ambao tayari unao. Twende taratibu tuone tunazuiaje hilo.

Angalizo: namba na bei zote hapa chini ni za mfano. Nimezifanya nyepesi ili tuhesabu pamoja. Wewe utaweka za kwako.

1. MATRIKSI NI NINI?

Ni namba zilizopangwa kwa mistari na safu, kila namba ikikaa mahali pake maalum. Mistari inalala, safu zinasimama. Basi.

Tuseme unauza bidhaa tatu: dera, khanga (kwa doti) na mtandio. Una vituo viwili: Kibaha kuna fremu yako, Kisarawe kuna mdogo wako anakushikia mzigo nyumbani kwake na unamlipa kidogo. Tunakubaliana hivi na hatubadilishi tena:

Mstari wa kwanza ni Kibaha, wa pili ni Kisarawe.
Safu ya kwanza ni dera, ya pili ni khanga, ya tatu ni mtandio.

Mauzo ya wiki ya kwanza yakawa hivi:

Kibaha: [ 6   4   15 ]
Kisarawe: [ 3   9   5 ]

Umeona? Sijaandika "dera 6, khanga 4". Sina haja. Nikikuuliza ile 9 ni nini, unajua ni khanga zilizouzwa Kisarawe, kwa sababu iko mstari wa pili safu ya pili. Namba inajulikana kwa mahali ilipokaa. Ndo maana mpangilio haubadiliki. Ukianza na khanga wiki hii, na dera wiki ijayo, umeharibu kila kitu.

Hii ina mistari 2 na safu 3, kwa hiyo tunaiita matriksi ya 2 kwa 3. Mistari inatajwa kwanza siku zote.

Kwa faida yako tu: neno hili liliingizwa kwenye hesabu na Mwingereza James Joseph Sylvester mwaka 1850. Mwaka 1858 mwenzake Arthur Cayley akachapisha kanuni za kuzijumlisha na kuzizidisha. Na leo hata picha ya dera unayopost, ndani ya simu ni jedwali kubwa la namba: kila nukta ya picha ina namba za wekundu, ukijani na ubluu wake. Simu inaweza kuhifadhi sura ya dera kwa namba, wewe utashindwa kuhifadhi mauzo ya dera?

2. KUJUMLISHA: MAUZO YA MWEZI

Hizi hapa wiki nyingine tatu.

Wiki ya 2
Kibaha: [ 8   3   12 ]
Kisarawe: [ 2   11   6 ]

Wiki ya 3
Kibaha: [ 7   2   14 ]
Kisarawe: [ 4   8   4 ]

Wiki ya 4
Kibaha: [ 9   3   19 ]
Kisarawe: [ 3   12   5 ]

Kujumlisha matriksi ni kujumlisha namba zilizokaa mahali pamoja. Dera za Kibaha na dera za Kibaha: 6 + 8 + 7 + 9 = 30. Khanga za Kisarawe na khanga za Kisarawe: 9 + 11 + 8 + 12 = 40. Ukimaliza zote unapata:

MAUZO YA MWEZI
Kibaha: [ 30   12   60 ]
Kisarawe: [ 12   40   20 ]

Kanuni moja tu: unajumlisha zenye umbo sawa. 2 kwa 3 na 2 kwa 3. Kama wiki ya tatu umeongeza bidhaa mpya, mfano kobazi, basi ongeza safu ya nne kwenye wiki zote na zile za nyuma uweke sifuri.

Angalia sasa hilo jedwali. Wateja wa Kibaha na Kisarawe hawafanani kabisa. Kibaha wanakuchukulia dera na mitandio, wengi wanatoka maofisini, vyuoni na kule Tumbi hospitali. Kisarawe khanga ndo zinatembea, kuna shughuli za mwali, arusi na misiba, khanga haikosi. Huenda ulikuwa unahisi hivyo siku zote. Tofauti ni kwamba sasa unayo kwa namba.

3. KUTOA: MZIGO ULIOBAKI

Mwanzo wa mwezi ulifunga mzigo Kariakoo ukaugawa nusu kwa nusu. Wengi tunagawa hivyo, inaonekana ni haki.

MZIGO WA MWANZO
Kibaha: [ 35   40   60 ]
Kisarawe: [ 35   40   60 ]

Toa mauzo ya mwezi, mahali kwa mahali:

MZIGO ULIOBAKI
Kibaha: [ 5   28   0 ]
Kisarawe: [ 23   0   40 ]

Hapa nataka tusimame kidogo. Zile sifuri mbili zinafurahisha, unasema "mitandio Kibaha imeisha yote, khanga Kisarawe zimeisha zote, Mungu mkubwa". Ni kweli. Lakini sifuri ina siri. Inakuambia umeuza ulichokuwa nacho, haikuambii ungeuza ngapi kama ungekuwa nazo zaidi. Mitandio 60 Kibaha inaweza ikawa iliisha tarehe 30 au tarehe 22. Hizo ni biashara mbili tofauti.

Kwa hiyo tunahitaji jedwali ambalo wauzaji wengi hawana kabisa.

4. JEDWALI LA WALIOKOSA

Kila mteja aliyekuja inbox au dukani akasema "nipe, nalipia" na ukamwambia imeisha, mpigie mstari. Usihesabu yule anayeuliza "bei gani" halafu anapotea, huyo tunamjua. Hesabu aliyekuwa tayari kutoa pesa. Na mdogo wako wa Kisarawe naye mwambie aandike hivyo hivyo, kila jioni akutumie kwa ujumbe.

WALIOKOSA
Kibaha: [ 0   0   14 ]
Kisarawe: [ 0   17   0 ]

Jumlisha na mauzo ya mwezi. Unapata watu waliotaka kweli, waliopata na waliokosa:

MAHITAJI
Kibaha: [ 30   12   74 ]
Kisarawe: [ 12   57   20 ]

Hili ndo jedwali la kwenda nalo Kariakoo. Na kama mwezi unaokuja una Idi na wewe kwa uzoefu wako unajua mauzo yanakuwa mara mbili, unazidisha kila namba kwa 2:

Kibaha: [ 60   24   148 ]
Kisarawe: [ 24   114   40 ]

Hiyo ni kuzidisha matriksi kwa namba moja, nyepesi sana. Lakini usiibebe tu kichwa kichwa. Kama Idi inapandisha dera na haipandishi mitandio, zidisha safu ya dera peke yake. Kwa sasa tuendelee na mwezi wa kawaida.

5. HAPA NDO PESA ILIPO

Chukua MAHITAJI, toa MZIGO ULIOBAKI:

Kibaha dera: 30 - 5 = 25
Kibaha khanga: 12 - 28 = -16
Kibaha mtandio: 74 - 0 = 74
Kisarawe dera: 12 - 23 = -11
Kisarawe khanga: 57 - 0 = 57
Kisarawe mtandio: 20 - 40 = -20

PENGO
Kibaha: [ 25   -16   74 ]
Kisarawe: [ -11   57   -20 ]

Namba isiyo na alama ya kutoa maana yake unapungukiwa. Namba yenye alama ya kutoa maana yake zimezidi, hata ukiuza mwezi mzima zitabaki. Ukiona alama ya kutoa kwenye matriksi ya pengo, furahi. Huo ni mtaji wako ulikuwa umelala, umeamka.

Sasa tulinganishe watu wawili. Bei ya kununulia tuseme dera 13,000, khanga 10,000, mtandio 3,000.

Mtu wa kwanza anaangalia kila kituo peke yake. Kibaha nimepungukiwa dera 25 na mitandio 74, Kisarawe khanga 57. Anaenda Kariakoo na orodha hiyo:

Dera 25 x 13,000 = 325,000
Khanga 57 x 10,000 = 570,000
Mtandio 74 x 3,000 = 222,000
Jumla = 1,117,000

Mtu wa pili anajumlisha kila safu kutoka juu kwenda chini, pamoja na zile zenye alama ya kutoa:

Dera: 25 - 11 = 14
Khanga: -16 + 57 = 41
Mtandio: 74 - 20 = 54

Yaani kwanza anahamisha. Khanga 16 zinatoka Kibaha kwenda Kisarawe. Dera 11 na mitandio 20 vinatoka Kisarawe kuja Kibaha. Kinachopungua baada ya hapo ndo ananunua:

Dera 14 x 13,000 = 182,000
Khanga 41 x 10,000 = 410,000
Mtandio 54 x 3,000 = 162,000
Jumla = 754,000

Tofauti yao ni 363,000. Wateja ni wale wale, mwezi ni ule ule, mwisho wa siku vituo vyote vina mzigo ule ule unaotosha.

Sasa weka na hali halisi ya mfukoni. Umelipa kodi, ada, chakula, umebaki na 800,000 ya kufungia mzigo. Mtu wa kwanza amepungukiwa 317,000. Ataenda kukopa, na hii mikopo ya haraka haraka tunaijua, rejesho linaanza kabla hata dera hazijapigwa picha. Mtu wa pili analipa 754,000, anabaki na 46,000 ya kuhamishia mzigo na nauli. Hakopi hata shilingi.

Sisemi mkopo ni mbaya siku zote. Nasema usikope kununua kitu ulichonacho tayari.

6. KUZIDISHA: KITUO GANI KINAKULIPA?

Hii ndo iliyokuwa inatutoa jasho shuleni. Twende nayo kwa mali tuione.

Tunataka kujua kila kituo kimeingiza mauzo ya shilingi ngapi na mtaji uliokwenda ni shilingi ngapi. Bei tunaziweka kwenye matriksi yake. Mistari ni bidhaa, kwa mpangilio ule ule, na safu ni bei ya kuuza na bei ya kununua:

Dera: [ 18,000   13,000 ]
Khanga: [ 13,000   10,000 ]
Mtandio: [ 5,000   3,000 ]

Kuzidisha kunaenda hivi: chukua mstari wa kituo, uupitishe kwenye safu ya bei. Ya kwanza mara ya kwanza, ya pili mara ya pili, ya tatu mara ya tatu, halafu jumlisha.

Kibaha mauzo: 30 x 18,000 + 12 x 13,000 + 60 x 5,000
= 540,000 + 156,000 + 300,000 = 996,000

Kibaha mtaji: 30 x 13,000 + 12 x 10,000 + 60 x 3,000
= 390,000 + 120,000 + 180,000 = 690,000

Kisarawe mauzo: 12 x 18,000 + 40 x 13,000 + 20 x 5,000
= 216,000 + 520,000 + 100,000 = 836,000

Kisarawe mtaji: 12 x 13,000 + 40 x 10,000 + 20 x 3,000
= 156,000 + 400,000 + 60,000 = 616,000

Ukiweka pamoja:

Kibaha: [ 996,000   690,000 ]
Kisarawe: [ 836,000   616,000 ]

Umezidisha matriksi ya 2 kwa 3 na ya 3 kwa 2, umepata ya 2 kwa 2. Kanuni yake: safu za ile ya kwanza lazima zilingane idadi na mistari ya ile ya pili. Hapa ni bidhaa 3 kwa bidhaa 3, zimekutana. Na ukizigeuza, bei zikatangulia na mauzo yakafuata, jibu linabadilika kabisa na halina maana yoyote dukani. Kwa hiyo mauzo kwanza, bei baadaye.

Toa mtaji kwenye mauzo: Kibaha inabaki 306,000, Kisarawe 220,000. Hapo wengi wangesema Kibaha ndo biashara, Kisarawe tuachane nayo. Subiri kwanza. Leta matriksi ya gharama. Safu ni kodi au malipo ya anayekushikia mzigo, usafiri, na bando:

Kibaha: [ 100,000   45,000   20,000 ]
Kisarawe: [ 30,000   40,000   10,000 ]

Kibaha gharama ni 165,000. Kisarawe ni 80,000.

Kibaha: 306,000 - 165,000 = 141,000
Kisarawe: 220,000 - 80,000 = 140,000

Umeona maajabu? Wanapishana buku moja tu! Kituo ulichotaka kukifunga kinakulipa karibu sawa na kile chenye fremu na bango. Na bado Kisarawe kuna watu 17 waliokosa khanga. Faida ya doti moja ni 3,000, kwa hiyo 51,000 ilipita mlangoni. Kibaha waliokosa mtandio ni 14, faida 2,000 kila mmoja, ni 28,000. Ukiwa na jedwali, huwezi kumdharau mdogo wako wa Kisarawe kwa sababu hana fremu.

7. SAIZI NA RANGI

Wewe unayeuza viatu au nguo za saizi, matriksi yako ya kwanza iwe hii. Mistari ni saizi, safu ni rangi. Kwa mfano kobazi, safu nyeusi, kahawia, nyeupe:

Saizi 37: [ 2   0   4 ]
Saizi 38: [ 0   1   5 ]
Saizi 39: [ 0   0   6 ]
Saizi 40: [ 3   2   4 ]

Ukiulizwa una pea ngapi utasema 27, na utajiona una mzigo. Lakini 19 kati ya hizo ni nyeupe. Nyeusi za 38 na 39 hakuna kabisa. Kwa hiyo unapost picha ya kobazi nyeusi, wateja wanakuja, wengi wanaondoka, unasema "siku hizi wateja wasumbufu". Hawakusumbui. Umepost kitu ambacho huna kwa saizi zao. Kabla ya kupost, angalia jedwali, halafu piga picha kilichojaa na uandike saizi zilizopo.

8. KWENYE SIMU

Daftari linatosha kabisa kuanzia. Lakini kama una Google Sheets au Excel kwenye simu, hesabu ya kuzidisha inafanyika yenyewe. Hizi programu za majedwali zilianza kuingia kwenye kompyuta za watu binafsi mwaka 1979 na VisiCalc, na kazi yake ilikuwa hii hii: namba kwenye mistari na safu, ukibadilisha moja zingine zinajirekebisha.

Fanya hivi. B1, C1, D1 andika Dera, Khanga, Mtandio. A2 andika Kibaha, A3 andika Kisarawe. Jaza mauzo ya mwezi kwenye mistari hiyo miwili. Mstari wa 5, chini ya kila bidhaa, weka faida ya kipande kimoja: 5000, 3000, 2000. Halafu kwenye kisanduku E2 andika:

=SUMPRODUCT(B2:D2,B$5:D$5)

Itakuletea 306000. Nakili E2 ushushe E3, itakuletea 220000. Ile alama ya dola inaizuia faida isihame mstari unaponakili. Ukitaka kulinganisha na hesabu ya juu, ni jibu lile lile, safari hii bila kikokotoo.

9. VITU VYA KUANGALIA

Usichanganye vipimo. Khanga tumekubaliana ni kwa doti. Mdogo wako akiandika vipande na wewe unaandika doti, mauzo yanajiandika mara mbili.

Usiache nafasi wazi. Kama hujauza, weka 0. Nafasi wazi mtu haelewi hujauza au umesahau kuandika.

Hesabu mzigo kwa mkono mara moja kwa mwezi, vituo vyote. Jedwali likisema khanga 28 na kwenye kabati ziko 25, kuna tatu zimeenda kwa mkopo, zimepewa zawadi, au zimepotea. Ulizia mapema, kwa ustaarabu, kabla hamjaanza kushikana uchawi.

Na usilifanye jedwali liwe mungu. Linakuambia mwezi uliopita ulikuwaje. Shule zikifunguliwa, mvua zikikata barabara za vijijini, au mwezi wa Ramadhani ukiingia, akili yako ya biashara ndo inaongeza au kupunguza.

KAZI YA WIKI HII

Leo usiku chora matriksi moja tu. Mistari ni vituo vyako, safu ni bidhaa zako tatu zinazotoka zaidi. Kama una kituo kimoja, mistari iwe njia zako za kuuza: dukani, WhatsApp, Instagram. Ibandike karibu na unapofungia oda. Jaza kila jioni kwa siku saba, na pembeni jaza ya waliokosa. Siku ya nane toa na mzigo uliopo, utafute alama ya kutoa.

Halafu uje hapa utuambie umekuta mtaji wa shilingi ngapi umelala, na umelala upande gani. Na kama unamjua mtu yuko mbioni kukopa ili aongeze mzigo, mtumie hili somo kabla hajasaini.

Biashara njema wapambanaji. 🙏🏾